Chupa Tatu za Pilipili, Sufuria Moja

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, kwa kujitetea sijambo. Niliwadanganya wateja wangu, na hilo peke yake lingenichekesha mpaka leo. Lakini nilimdanganya na rafiki yangu, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Jina langu liacheni. Nina kibanda cha chips Rusimbi, na anayekijua atakijua tu hata nikijificha uvunguni.

Nakaanga chips, mihogo, kuku na migebuka, wale samaki wa ziwa letu. Mkono wangu kwenye mafuta si mbaya. Lakini tuseme ukweli jamani, watu hawakuwa wanafuata chips zangu! Walikuwa wanafuata pilipili. Na hiyo pilipili nilikuwa siipiki mimi. Alikuwa anaipika jirani yangu Mama Feza, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo yeye hajazaliwa. Anaweka mawese, vitunguu saumu, dagaa wa kutwanga, na kitu kingine ambacho hajawahi kuniambia hata tulipokuwa chanda na pete. Kila asubuhi ananiletea sufuria, namlipa, tunakunywa chai, tunausengenya mtaa mzima mpaka mafuta yapate moto. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu, na sikujua kama ni mazuri.

Basi wakaja wale wa kuku wa kukaanga kutoka Dar. Wale wenye matawi kila mkoa. Wakafungua mjini, taa kama ukumbi wa harusi, na ukutani wameandika kwa herufi kubwa: KUKU WAKO, CHAGUO LAKO. Wateja wangu wakaanza kunipitia kwa mbali kama watu ninaowadai.

Nikasema ngoja niende nikaone huko kuna nini. Nikavaa gauni la kanisani, nikaenda kama mteja.

Loo! Binti wa kaunta aliniuliza maswali mengi kuliko mchungaji aliyenifungisha ndoa. Paja au kidari? Kali, ya kati, au ya mtoto? Chips nene au nyembamba? Kachumbari na kitunguu au bila kitunguu? Sosi ipi katika hizi? Na mimi, ambaye nyumbani hakuna anayeniuliza hata kama nimekula, nikajikuta nimenyoosha shingo. Nikaagiza kwa sauti ya mke wa mkuu wa wilaya.

Nilipokaa nikazionja zile sosi zote. Ya kwanza ilikuwa tomato. Ya pili tomato yenye sukari. Ya tatu tomato yenye sukari na jina la Kizungu.

Hapo shetani akavuta kiti akakaa na mimi. Nikaelewa biashara nzima. Pale watu hawanunui sosi, wananunua kuulizwa! Mtu ukimuuliza "unataka ipi?" anajiona bosi, na akishachagua mwenyewe hawezi tena kulalamika, maana atakuwa anajilalamikia.

Kesho yake nikanunua chupa tatu za plastiki, zile za kubinya. Moja mfuniko mwekundu, moja kijani, moja njano. Nikazijaza zote kutoka kwenye sufuria ile ile ya Mama Feza. Nikaandika kwa kalamu nene: YA RUSIMBI, YA SIMBO, YA ILAGALA, yaani mtaa wetu na vijiji viwili vya nje ya mji. Juu nikatundika kibao: CHAGUA MWENYEWE.

Mama Feza alipokiona kibao akauliza kulikoni. Nikamwambia nimepata wapishi wengine wawili, wateja wa siku hizi wanataka kuchagua, ila asiwe na wasiwasi, yake ni ile ya Rusimbi, na sufuria alete ile ile kwa sababu itakayobaki nitakuwa nampaka kuku kabla ya kukaanga. Uongo ulitoka bila kikohozi!

Akaishika chupa yake, akaisoma. "Andika basi Ya Mama Feza," akasema. "Miye nina jina."

"Jina lako nani atalinunua?" nikamjibu. "Watu wanataka ya mahali."

Akacheka. Na mimi nikacheka. Laiti ningeumwa jino siku ile nisiweze kufungua mdomo.

Maana biashara ilishika moto! Yusufu, dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya kibanda changu, alichagua Ya Ilagala, akafumba macho. "Hii imepikwa karibu na maji," akasema. "Unalisikia ziwa kabisa." Mwalimu mmoja mstaafu akamwambia hajui kula, Ya Simbo ndiyo pilipili yenye adabu, haikimbilii kooni kabla haijabisha hodi. Wakabishana kama siku ya watani wa jadi, mpaka Mwalimu akahamisha kiti. Mimi nyuma ya karai nang'ata kanga nisicheke.

Yusufu akataka kujua nani anapika Ya Ilagala. "Bibi mmoja," nikasema, "anakaa kule mto Malagarasi unakoingia ziwani." Ningeishia hapo. Lakini uongo ukikunogea unaongeza chumvi, nikasema huyo bibi hapiki mpaka aimbe kwanza. Haikupita muda Yusufu akawa ananisimulia mimi habari za huyo bibi! Ana kengeza. Hapendi kelele. Yusufu mwenyewe alishawahi kumpakia kwenye pikipiki yake!

Ya Rusimbi ikakaa pale na mfuniko wake mwekundu, haishikwi. "Ya hapa hapa?" watu wakasema. "Ya hapa si tunaila nyumbani?" Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hawakusema kwamba hakijiuzi mpaka ukiandikie anwani ya mbali.

Na Mama Feza alikuwa anakaa pale pale kwenye benchi langu na kikombe chake cha chai, anasikia yote.

Siku za mwanzo alitania. Baadaye akaacha. Siku moja akainuka, akachukua chupa ya Ilagala, akabinya kidogo kiganjani, akalamba. Nikajua leo nimekwisha, mtu hawezi kukosa kuitambua pilipili yake mwenyewe.

Akalamba tena. Akatazama barabarani.

"Inafanana na yangu," akasema polepole. "Lakini ana mkono huyu mama. Kuna kitu kanizidi. Sijui anaweka nini."

Ndugu yangu unayesoma, hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Maneno matatu tu, ni yako hiyo, tungecheka mpaka tukae chini. Lakini Yusufu alikuwa amesimama pale anasubiri chips, na watu wengine nyuma yake. Nikaona aibu yangu, sikuona yake. Nikageuza migebuka iliyokuwa haihitaji kugeuzwa.

Kuanzia hapo Mama Feza akaanza kujitafuta. Leo kaongeza vitunguu saumu mpaka mtaa mzima unakohoa, kesho katia karoti, keshokutwa embe bichi. Na kila alichotia kiliingia kwenye chupa zote tatu! Siku ya embe, Yusufu akasema Ilagala leo wamejitahidi ila Simbo wameharibu. Mwalimu akasema Simbo wamepatia kwelikweli, Ilagala ndio wanakunywa pombe kazini. Nilicheka, sitadanganya. Ila nilipomwona Mama Feza anakusanya mabaki ya chupa yake nyekundu kwa kijiko ili ayaonje ajue amekosea wapi, kicheko kilinikauka.

Halafu asubuhi moja sufuria haikuja.

Nikaenda kwake. Nikamkuta binti yake, Feza, anafagia. "Mama ameenda Ilagala tangu alfajiri," akasema. "Anamtafuta yule bibi amfundishe. Amebeba na kile kitenge."

Kile kitenge nakijua. Aliletewa na dada yake kutoka ng'ambo, alikuwa anakitunza akivae siku Feza atakapoolewa. Leo anakipeleka zawadi kwa mtu niliyemzua mimi kati ya sahani mbili za chips!

Nilikimbia mpaka kijiweni na aproni yangu. "Yusufu, Ilagala, upesi!"

"Kwa bibi?" akauliza huku ameshawasha pikipiki. "Panda. Kwake napajua."

Barabara ile ni vumbi, na kwenye kila shimo nilitubu dhambi moja. Yusufu akawa ananieleza nyumba ya bibi ilivyo, ina mlango wa bluu. Nilikaribia kumwamini.

Tulimkuta mwaloni kando ya ziwa, amekaa na akina mama wanaoanika dagaa. Kitenge kiko mapajani, bado kimekunjwa. Alikuwa ameuliza nyumba kwa nyumba. Wale akina mama walishamcheka mpaka wakachoka, wakaanza kumhurumia, mmoja kampa maji ya kunywa. Aliponiona akafurahi, na hiyo ndiyo iliyoniua.

"Afadhali umekuja," akasema. "Weye unamjua. Wanasema hapa hakuna bibi wa namna hiyo."

Nikapiga magoti mchangani. "Hakuna, Mama Feza. Bibi ni wewe. Zote tatu ni zako. Sufuria ni moja."

Hata waliokuwa wanageuza dagaa wakasimamisha mikono.

"Haiwezekani," akasema Yusufu. "Mimi Ya Ilagala naijua."

Mama Feza hakumtazama. Alinitazama mimi. "Kwa hiyo miye nilishindwa na nani?"

Nikabaki nachimba mchanga kwa kidole.

"Nilikuwa silali," akasema. "Nimemwambia mtoto wangu mkono wangu umekwisha. Na siku ile nilipoonja, weye ulikuwa umesimama pale. Ungeniambia siku ile ningecheka, ningecheka miye wa kwanza."

Akainuka, akakung'uta mchanga, akampa kitenge yule mama aliyempa maji. Nikamzuia, nikamwambia hicho ni cha harusi ya Feza. "Nilikuja kumpa zawadi mwanamke wa Ilagala," akasema. "Huyu ni mwanamke wa Ilagala." Akaenda kutafuta usafiri wake mwenyewe. Mimi nikarudi na Yusufu, ambaye njia nzima alikuwa ananieleza kwamba huenda bibi amehama.

Sasa sikilizeni gharama yake. Sufuria haikuja tena. Nikajaribu kupika pilipili mwenyewe, mume wangu akala mara moja akaniuliza kama tumegombana. Nikaweka ya dukani kwenye chupa zangu tatu, na ajabu ya Mungu, hapo ndipo wateja walipopata ulimi! Wote wakajua ni moja, tena wakajua ni mbaya.

Na Mama Feza? Akatoa meza, akaiweka ng'ambo ya barabara, macho kwa macho na mimi. Karai moja, mihogo na samaki. Hana mapaja na vidari, hana nene na nyembamba. Chupa moja, na kibao kilichoandikwa na Feza: PILIPILI YA MAMA FEZA. Foleni yake inaanzia mlangoni pangu! Yusufu amehamishia huko hata pikipiki. Mwalimu yuko pale kila jioni, anasema inamkumbusha Ya Simbo. Yusufu anambishia.

Niliishi hivyo nikiangalia migongo ya wateja wangu. Nilimtumia Mama Feza salamu, hazikurudi. Nilimtumia kuku mzima, akarudi mzima.

Juzi nikavua aproni, nikavuka barabara, nikapanga foleni kama mtu mwingine yeyote. Watu wakaanza kukohoa vikohozi vya umbea. Zamu yangu ilipofika, Mama Feza akaniwekea mihogo kwenye sahani bila kuniangalia. Kisha akashika chupa yake, chupa moja ile, akainua macho, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kijiweni:

"Nikuwekee ipi?"

Watu walicheka! Yusufu alishika ukuta. Nilikuwa na majibu mengi ya kujitetea, nimewaambieni najijua. Yote yakanikimbia.

"Ya Mama Feza," nikasema.

Akanitazama kidogo. Kisha akabinya, akabinya, akabinya, mpaka mihogo ikazama na machozi yakanitoka, na sitawaambia kama yalikuwa ya pilipili. Chai hatujanywa bado. Lakini nilipomaliza kula alinisogezea maji.

Wenzangu mlio na vibanda, wapeni watu wachague, si kosa. Ila aliyekupikia mtaje jina, hata kama hakuna anayelijua, hata kama unaona la mahali pa mbali litauza zaidi. Na ukimwona rafiki yako anaonja kazi ya mikono yake halafu anajidharau, acha kugeuza samaki. Sema hapo hapo!

Mimi leo kibao changu nimekishusha. Nimebaki na chips, na kila anayeniuliza pilipili namwonyesha kwa kidole ng'ambo ya barabara.