Mkalimani wa Bibi Nyangi

Jenoveva ni fundi cherehani wa Kigera, Musoma mjini. Kwao ni Butiama, na Kizanaki ndiyo lugha aliyoanza nayo. Kwa sababu hiyo Wakili Leodgar alimwita ofisini siku Bibi Nyangi alipofika kutoka Buhemba, maana Kiswahili cha Bibi hakikutosha kueleza kesi. Machage, tajiri wa karasha za kusagia mawe ya dhahabu, alikuwa amemshtaki aondoke shambani, akidai marehemu mumewe alimuuzia.

Jenoveva akakaa katikati yao, akatafsiri. Mahali fulani Bibi akashusha sauti.

"Mume wangu aliweka dole gumba kwenye karatasi ya Machage. Nilikuwepo."

Jenoveva akamtafsiria wakili neno kwa neno.

Wiki mbili baadaye samansi ya baraza la ardhi ikamfikia. Machage alikuwa amesikia ni nani aliyemtafsiria Bibi, akamtaka awe shahidi wake, aseme aliyoyasikia mle ofisini. Siku hiyo alishona mkono wa gauni mahali pa shingo, akafumua, akakosea tena. Jioni Machage mwenyewe akasimama mlangoni.

"Mama Gati," alisema kwa upole, akimwita kwa jina la mwanawe, "utashika Biblia pale. Ukidanganya ni jela. Ukinyamaza, jela."

"Mi nilikuwa natafsiri tu, baba."

"Basi useme ulichotafsiri." Akachungulia ndani, akawatazama watoto mmoja mmoja, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi Jenoveva aliwapeleka watoto Guta, Bunda, kwa dada yake Marieta. Kisha akaenda kwa wakili.

"Mimi nilikuwaga nasikia kesi redioni tu. Nikajifiche Butiama?"

"Usikimbie," alisema Leodgar. "Mteja akinieleza jambo, sheria inanifunga mdomo. Inakufunga na wewe uliyenitafsiria. Siri ni ya Bibi. Ni yeye tu anayeweza kuifungua."

"Na mwenyekiti wa baraza akikataa?"

Wakili alifunga jalada. "Tutapinga."

Jenoveva alirudi nyumbani na neno hilo moja. Siku tatu hakula cha maana. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ilimfanya asimamishe cherehani.

Kwenye baraza la ardhi aliapa kusema ukweli wote, na hapo hapo akaona ameapa asichoweza kutimiza. Wakili wa Machage akasogea.

"Bibi Nyangi alikwambia nini kuhusu dole gumba la mumewe?"

Leodgar alikwishasimama kupinga. Mwenyekiti akafungua kitabu cha sheria, akasoma kimya, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. Jenoveva alishika ukingo wa kizimba.

"Shahidi hatajibu," mwenyekiti alisema hatimaye. "Siku ile alisikia kwa niaba ya wakili. Asilazimishwe."

Akashuka kizimbani. Machage alimkazia macho mpaka alipofika benchi la nyuma.

Zamu ya Bibi Nyangi ilipofika, baraza lilikuwa na mkalimani wake. Wakili wa Machage akamuuliza Bibi mwenyewe: mumeo aliweka dole, au hakuweka? Jenoveva akafumba macho. Swali hilo lilihusu alichokiona Bibi mwenyewe, hakuna wa kulizuia.

"Aliweka," alisema Bibi.

Watu wakaguna. Bibi akaendelea, sasa kwa sauti.

"Ulikuwa mwaka wa njaa. Machage alituambia ni orodha ya mahindi ya msaada. Mume wangu hakujua kusoma. Tulipata gunia moja. Shamba hatukuuza."

Miezi miwili baadaye hukumu ikatoka: aliyeweka dole hakusomewa karatasi ile, na hakuna kiongozi wa kijiji aliyeshuhudia. Shamba likabaki la Bibi.

Machage amekata rufaa. Watoto wamerudi kutoka Guta, lakini Jenoveva huwachukua shuleni mwenyewe, na mlango anaufunga jua likiwa bado juu. Mwezi uliopita Wakili Leodgar alimpigia simu. Kuna mzee wa Kizanaki anahitaji mkalimani. Jenoveva aliomba siku moja ya kufikiri. Kesho yake alikwenda ofisini, akavuta kiti akakaa.