Mashamba Membamba ya Njia ya Yangambi

Umande haujakauka bado. Colette Osumaka anashuka polepole kutoka kando ya barabara ya Yangambi, mbele kidogo ya kitongoji cha Simi-Simi, akivuta kamba ya kupimia katikati ya mashina ya mihogo yaliyoungua. Ncha nyingine imeshikwa na Aimée, mwenye shamba.

Hatua chache pembeni, ng'ambo ya mpaka wa shamba hilo, amesimama Jean-Paul, kaka yake Aimée. Mikono iko nyuma. Anatazama tu.

Colette, mwenye umri wa miaka 52, ni mpima mashamba wa chama kidogo cha wakulima. Hapimi mara moja na kuondoka. Kila baada ya miaka mitatu hurudi kwenye mashamba yaleyale na kuchora upya namna yalivyogawanywa. Alianza kazi hii kifungua mimba wake akiwa anajifunza kutembea. Leo kijana huyo anasoma chuo kikuu.

Kwa miaka hiyo yote ameyaona mashamba yakibadilika umbo.

"Zamani shamba ilikuwa pana," anasema. "Papa akikufa, batoto wanagawa. Kila mutu anataka kugusa barabara, juu ya kuuzisha. Anataka tena kugusa maji. Donc, basi, tunakata ya murefu tu. Sasa zingine ziko kama njia ya kupita."

Shamba la marehemu Papa René, baba wa Aimée na Jean-Paul, lilikuwa na upana wa mita 120 kando ya barabara, likishuka hadi kijito. Alipofariki, watoto sita waligawana, kila mmoja mita ishirini. Aliyekata vipande hivyo ni Colette mwenyewe. Hakuna aliyepunjwa, na hakuna aliyelalamika.

Lakini shamba la mita ishirini halina nafasi ya kupumzisha udongo, wala ya kuchezea moto.

Februari mwaka huu Jean-Paul alichoma kichaka kwenye kipande chake ili apande mpunga. Alikuwa amefagia majani pembezoni, akangoja upepo utulie. Upepo ukageuka. Moto ukaruka hadi kwa dada yake na kuteketeza mihogo iliyobakiza miezi michache kuvunwa.

Aimée ni mjane mwenye watoto watatu. Pondu, yaani majani ya mihogo ya shamba hilo, ndiyo aliyokuwa akiipeleka sokoni kila wiki. Baada ya moto, nyumbani kwake walikula mara moja kwa siku. Jean-Paul alipokwenda kuomba radhi, dada yake alifunga mlango. Tangu hapo hawakusemeshana, hata kanisani.

Habari zilipomfikia Colette, zilimkaa moyoni.

"Mimi nilipima sawa," anasema. "Lakini moto haikuona kamba yangu."

Akaitazama tena michoro yake ya zamani. Enzi za Papa René, shamba lilikatwa kwa mapana. Familia nzima ililima upande mmoja, upande mwingine ukaachwa uwe msitu. Moto uliwashwa mara moja, wote wakiwa wamesimama kuulinda.

Ndipo alipowaendea ndugu hao mmoja mmoja na ombi moja. Kila mtu abaki na kipande chake, ila wote walime kwa pamoja upande wa chini, karibu na kijito, na upande wa juu upumzike. Wanne walikubali. Wamebaki hawa wawili, na leo amewaita ili, wakikubali, aweke alama pale kilimo kitakapoishia.

Kazi inapofika katikati ya mteremko, Colette anaomba wapumzike. Wanakaa kwenye gogo, yeye katikati. Mwishowe Aimée anamwita kaka yake mkubwa kwa heshima, bila kumtazama.

"Yaya, najua haukufanya na roho mubaya. Lakini batoto walilala njaa."

Jean-Paul anainamisha kichwa.

"Niko najua," anajibu. "Ile mihogo yangu ya chini, karibu na maji, utavuna wewe. Yote. Na mwaka kesho tutachoma pamoja, wewe ukiwa pale."

Aimée anafuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha anasimama na kumwambia kaka yake alete vijiti vya alama.

Colette anakiri kwamba ni familia moja tu. Kando ya barabara hii kuna nyingine nyingi, na baadhi zimeshaanza kugawa hata hizo mita ishirini. Anapanga kuzifikia kabla ya msimu wa kuchoma, na kuzionyesha shamba hili.

Kuhusu hapa, ana tumaini moja.

"Nitarudi kisha miaka tatu," anasema, akiutazama mteremko wa juu, mweusi na mtupu. "Nikikuta miti imepanda pale, sitapima kitu. Nitaingia tu ndani, nikae kwa kivuli."