Tulivyokutana Kwenye Kamati ya Harusi Isiyo Yetu

Ng'ombe aliyenipiga teke kichwani alikuwa mpole. Watu hawapendi kusikia hivyo. Wanataka niseme alikuwa mkali. Nilikuwa nimestaafu ualimu wa hesabu, nafuga kule Moiben, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeinama namwosha kiwele. Nzi akamuuma, akarusha mguu. Nilizinduka hospitalini Eldoret, na wa kwanza niliyemwulizia hali alikuwa ng'ombe.

Kidonda kilipona. Shida yenyewe ilikuja polepole, miaka ilipopita. Nilianza kuweka miwani kwenye unga. Siku moja nikamsalimia mke wangu kwa mkono na kumwuliza mtoto wake yuko darasa gani. Daktari akatueleza kwamba ubongo uliumia na sasa nina dimensia, ugonjwa wa kusahau ambao hauna dawa ya kuuondoa. Tukahamia mtaa wa Kapsoya, Eldoret, tuwe karibu na binti yetu. Mengi ya haya nayakumbuka mwenyewe. Mengine mke wangu amenijazia, na pale tulipobishana nimeandika langu.

Nyumbani walinipenda, lakini walinipenda kwa mitihani. "Baba, mimi ni nani? Leo ni siku gani? Umekula nini saa hii?" Mimi niliyesahihisha vitabu vya wanafunzi maisha yangu yote, sasa kila mtu alikuwa na kalamu nyekundu isipokuwa mimi. Nikaamua kunyamaza, kwa sababu asiyesema hakosei.

Ndipo nesi wa kliniki akamwambia mke wangu kuna kikundi kinachokutana kanisani kila Alhamisi.

"Ni watu kama wewe," mke wangu aliniambia.

"Kama mimi vipi?"

"Wenye shida ya kusahau."

"Sasa hao watakumbukaje kuja?"

Alicheka mpaka akaketi. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu, kwa hiyo nikakubali kwenda.

Alhamisi hiyo alinifikisha hadi kwenye geti la kanisa, akanionyesha ukumbi wa kushoto, akaenda kununua mboga. Nikaingia wa kulia. Ndani kulikuwa na watu wameketi kwenye viti vya plastiki, na mwanamume mwenye tai akasimama kunipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, Mzee! Tumekungoja sana."

Hakuna aliyekuwa ameningoja mahali popote kwa miaka. Moyo ukafunguka. Nikabaki nimesimama, nikasema yote bila kuulizwa: "Mimi nilipigwa teke na ng'ombe, na sasa nasahau mpaka bibi yangu."

Wakapiga makofi. Wakacheka, wengine wakifuta machozi. "Tuliambiwa mjomba wa bwana harusi ni mcheshi," alisema mwenye tai, "lakini hatukujua ni hivi!"

Nilifikiri hivyo ndivyo vikundi vya kusaidiana vinavyoendeshwa. Wakaniuliza kama hema liwekwe uwanjani ama nyuma ya kanisa. Nikajibu nyuma ya kanisa, kwa sababu ya upepo. Wakakubali wote. Nilikuwa sijapata jibu sahihi tangu niugue.

Kisha mama mmoja aliyekuwa ameketi pembeni na mkoba mapajani akainuka. "Na mimi pia," akasema. "Nilikuwa mpishi wa shule ya bweni. Niliteleza jikoni nikagonga kichwa kwenye sufuria kubwa ya githeri. Sasa nasahau."

Safari hii hawakucheka sana. Katibu akamwuliza kwa adabu, "Mama, na wewe ni wa upande gani?"

"Wa kushoto," alisema, akajishika juu ya sikio. "Hapa."

Mwenye tai alitutazama mimi, kisha mama, kisha mlango, ambao mjomba mwenyewe alikuwa anaupitia akiomba radhi kwa kuchelewa.

Walitutoa nje kwa heshima, kila mmoja na chupa ya soda. Tukaketi kwenye ngazi za kanisa. Nilingoja aibu inipate, lakini mama alikuwa anatikisika kwa kicheko, na mimi nikaanza.

"Mzee, nimekwambia jina langu?" aliniuliza.

"Hapana."

"Basi hilo hujasahau."

Tukanywa soda. Akaniambia kwao wanamfuata hadi chooni wakimkumbusha mlango ni upi. Nikamweleza habari ya mitihani. Alisikiliza, kisha akasema, "Inachosha, sivyo?" Hakusema pole, wala hakuniambia nijaribu zaidi. Nikalia kidogo, na yeye akatazama kando mpaka nikamaliza.

Nesi alitupata hapo, akatupeleka kwenye ukumbi wa kushoto. Kikundi chenyewe si kikubwa. Kila Alhamisi tunajitambulisha upya, na kila Alhamisi tunafurahi kufahamiana. Chai huletwa, tunakunywa, halafu mtu analalamika kwamba hatujapewa chai, na kwa kuwa hakuna anayeweza kuapa, inaletwa tena. Wakati mwingine mama hunikaribisha kama mgeni, ananichagulia kiti kisichoyumba. Majuzi alisimulia kwamba aliyempiga teke ni ng'ombe. Alieleza vizuri kuliko ninavyoeleza mimi, hata nzi hakumsahau. Nilimwachia. Nilikuwa nimembeba huyo ng'ombe peke yangu vya kutosha.

Si kwamba nimepona. Mwezi huu nimeanza kupotea kati ya sebule na jikoni, na kuna asubuhi naamka na hofu isiyo na sababu ninayoweza kuitaja. Lakini nimeanza kusema tena, hata nyumbani, hata nikikosea.

Wake na waume waliotuleta nao siku hizi huketi pamoja nje, karibu na tangi la maji. Wiki iliyopita nilimkuta mke wangu katikati yao, amevua viatu, anacheka na watu nisiowajua.

"Mnacheka nini?" nikamwuliza.

"Ninyi," akasema, akaanza kutafuta viatu vyake.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani nikamwambia Jumanne hii imekuwa nzuri. Akafungua mdomo, akaufunga, kisha akanishika mkono.

"Imekuwa nzuri sana," akasema.