Nyavu za Kuzuia Mchanga

Mimi si mtu wa kutulia, na nyumba ya mama yangu kule Sori imenizidishia ugonjwa huo. Kila upepo wa alasiri unapoanza kuvuma kutoka ziwani, hata nikiwa kazini kwangu Suna, nakosa raha. Najua mchanga unatembea.

Zamani haukutembea. Kati ya nyumba na ziwa palikuwa na tuta refu lililofunikwa na nyasi za kutambaa, na mizizi yake ndiyo iliyoushika mchanga. Kisha akina mama wa omena, mama yangu akiwa mbele yao, wakazing'oa nyasi zile ili waanike dagaa hao mahali safi. Mchuma janga hula na wa kwao. Tuta likaanza kuhama, kidogo kidogo, hadi likafika ukutani. Ikawa asubuhi mlango haufunguki mpaka mtu ausukume kwa bega.

"Hama, Mama," nilimwambia kwa hasira.

"Nyathina, mwanangu, nihame na nani?"

Kwetu boma jipya huanzishwa na mume. Mjane hachukui jogoo na shoka, kama mume afanyavyo siku ya kuanzisha boma, akaenda kujenga peke yake. Baba alikwisha kufa, basi Mama ni wa pale pale.

Nikaanza kusimamisha nyavu kuukuu za omena kwenye nguzo, zikabili ziwa. Upepo hupenya, mchanga huanguka, na tuta jipya huinuka. Likishainuka, unapanda nyasi juu yake. Nilijaribu kando ya choo, ikafaulu. Lakini mbele ya nyumba, mahali panapofaa palikuwa juu ya kaburi la Baba. Nikasogeza nyavu karibu na maji, mawimbi yakazing'oa. Nikazileta karibu na mlango, mchanga ukaingia hadi jikoni. Usingizi ulinipaa, maana sikuthubutu kumwambia Mama kilichobaki.

Aliona mwenyewe. Alikuja na nguzo begani, akaisimamisha upande wa kichwa cha kaburi, akaniambia nishike nyundo.

"Mama, mchanga utamfunika."

"Yeye ameshafunikwa, nyathina. Mimi bado. Gonga."

Nikagonga huku nikilia, naye akanihimiza nigonge kwa nguvu zaidi, kwa sababu upepo ulikuwa umeshaanza.