Tochi ya bastola yangu imeunguza kanzu madrasa

Leo nimelaza darasa zima la madrasa sakafuni.

Mimi. Yule ambaye hata kuitikia jina lake anaona haya.

Nina bastola ya kuchezea, inarusha vidonge vya plastiki, na chini ya mtutu nimeifunga tochi. Mimi na wenzangu tulipanga kwenda kucheza Randburg, hapa Johannesburg, baada ya darasa, basi nikaizungushia kanzu yangu ya nailoni begini ili ustadhi asiione.

Vitabu vikabonyeza swichi ya tochi. Sikujua.

Zile tochi zinapata moto kama pasi, jamani, na kanzu ilizuia joto lisitoke.

Tukiwa katikati ya kusoma, harufu ikaanza.

"Nani anaunguza nailoni?" ustadhi akauliza.

Nikainamia kitabu. Nikisema, wataiona bastola. Nisiposema, begi litawaka. Eish, jasho lilivyonitoka!

Bi Zuhura, mama kutoka Burundi anayefundisha wadogo kwenye kona ya chumba chetu, akafuata moshi hadi kwenye begi langu. Akaivuta kanzu. Bastola ikaanguka.

"Laleni chini!" akapiga kelele, na darasa zima likalala.

Akawafunika watoto wawili kwa mwili wake.

"Ni ya kuchezea, mama! Ni yangu!" Sijawahi kupaza sauti vile.

Ustadhi akaiokota, ikamuunguza vidole, akaitupa nje. Wenzangu wakacheka.

Bi Zuhura hakuinuka.

"Mwanangu," akaniambia akiwa palepale chini, "kule nilikotoka hatukuwa na muda wa kuuliza kama ni ya kuchezea."

Nimemwomba msamaha, ila kwa sauti ndogo mno, sidhani alisikia. Kesho nitakaa naye chumba kimoja tena.

Nyinyi mngemwambia nini?