Kioo Kilichofika Mezani

Jina la Shoti fundi redio alilipata ujanani, alipokwenda kujitambulisha ukweni, akajitia kuitengeneza redio ya baba mkwe, akaiunguza mbele ya wakwe wote. Mke akampata hivyo hivyo. "Nilimwonea huruma," mkewe alizoea kusema, akicheka mpaka machozi.

Sasa hacheki. Ugonjwa wa neva ulianzia miguuni, ukapanda, ukachukua sauti, ukambakishia macho na kidole kimoja. Akifumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Muuguzi alisema bila kuzunguka: "Na hicho kidole, mzee, kitakwenda." Shoti alisema ahsante.

Lakini fundi ni fundi. Shingo ya mkewe hakuiweza, basi akamgeuzia kioo. Alitundika kioo cha kunyolea juu ya kitanda, akakifunga kwenye sevo, ile mota ndogo inayogeuza mabawa ya ndege za kuchezea, akaweka vitufe viwili chini ya kidole: kulia, kushoto. Mama yule mgonjwa akawa anaona dirisha, wapita njia, mlango. Ila kioo kikifika mlangoni kinagoma. Kona ya nyuma ya mlango, ilipo meza ya kazi ya Shoti, haikuonekana, na mama alibonyeza na kubonyeza, kioo kikitetemeka pale pale.

"Anataka kukuona wewe," alisema jirani yao, mshonaji asiye na breki mdomoni. "Sijui anatamani nini, na uso wenyewe ndio huo!"

Mama alifumba macho mara moja.

"Nitakifikisha," Shoti alisema.

Aliifungua sevo, akakuta kwenye gia kijino cha kuizuia isipite mwisho. Akakikata kwa wembe, akarudishia. Kioo kikaenda mpaka mlangoni, kikasimama vilevile. Lo! Siku nzima imeliwa, na siku zenyewe za kuhesabu. Alikuwa amesahau kwamba ndani ya sevo mna kifaa kama kile cha kuongezea sauti ya redio, kinachozunguka pamoja na gia na kuiambia mota imefika wapi. Kizuizi amekivunja, mota bado inaamini imefika. Fundi wa miaka thelathini, aliyebadilisha vifaa hivyo mamia! Mikono ilikuwa mezani, akili ilikuwa kitandani. Na jioni ile aliona kidole kinabonyeza kwa shida zaidi.

Kesho yake alichomelea rezista mbili ndogo, vipande vya kupunguza umeme, moja kila upande wa kile kifaa. Kazi yake ni uongo mtupu: mota ikienda mbali, inaambiwa bado, songa. Mota hudanganyika kirahisi. Lakini mkewe, Shoti alipomwambia kila asubuhi "utapona," alimtazama tu.

Kioo kiliupita mlango. Kikafika mezani, kikasimama, na ndani yake Shoti akakutana na macho ya mkewe. Hapo akaelewa, akakaa chini. Kona ile ndiko alikokuwa akijificha kulia miezi yote, tambara mdomoni, redio juu ili asisikike. Kumbe alisikika! Mke uliyeishi naye miaka thelathini utamficha nini?

Aligeuka ajifute, kisha akaona ni upuuzi. Akalia mbele yake, bisibisi mkononi. Machozi ya mkewe nayo yakateremka mpaka masikioni, na hakuna aliyeyafuta mpaka Shoti alipoweza kunyanyuka.

Siku ya tatu kidole kiliacha kusogea. Jirani alikuja kubadilisha shuka, akakuta kioo kimeelekea mezani.

"Nikigeuze dirishani, dada, uone watu?"

Mama alifumba macho mara mbili.

Jirani akakiacha, akaendelea kutandika shuka. Shoti akazima redio, akarudi kukaa kwenye kiti chake nyuma ya mlango. Hakuwa na cha kutengeneza. Akakisogeza kiti kidogo, aonekane vizuri.