Damu Aliyoificha Kahongya

Kahongya hakuwa mtu wa hospitali. Watoto wake wanne aliwazalia kijijini Mbau, wa mwisho katikati ya shamba la mihogo, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Tangu vita viwahamishie Beni, mtaa wa Beu, aliuza mafuta ya mawese sokoni, na ugonjwa wowote aliutibu kwa kunyamaza. Damu ya mwezi ilikuwa imekoma miaka mitatu. Ndipo mwezi wa nne ikarudi, matone tu, ikaenda, ikarudi tena. Hakumwambia mtu.

Aliyemfikisha kwenye kituo cha afya ni bintiye Jokébed, miaka ishirini na mitatu, aliyebakiza majuma matatu kufunga ndoa na Kitsa. Binti alikuwa hali chakula, hacheki. Mwishowe alibubujikwa na machozi.

"Mama, mimi siko muzima. Huku chini, nyama ya upande moya ni murefu kupita ingine. Kitsa akiona, atanirudisha kwetu."

Kahongya alimshika mkono wakaenda.

Muuguzi Mariette alimpima Jokébed, kisha akachukua bic, kalamu yake, akawachorea mwili wa mwanamke nyuma ya karatasi.

"Haya ni mashavu ya inje, haya ni ya ndani. Kila mwanamuke na yake: marefu, mafupi, upande moya kupita mwingine. Rangi pia. Uko muzima, mutoto wangu. Hapa ni tundu ya mukojo, na hapa chini yake ni njia ya mutoto."

Kahongya alikodoa macho. Kuzaa mara nne, na siku zote alidhani ni tundu moja.

"Ute mweupe usionuka ni kawaida," Mariette aliendelea. "Lakini ukinuka, ukiwasha, ao ukiona kidonda, uvimbe mupya, damu isiyo ya mwezi, hapo munakuja. Na mama mwenye ameishaacha kuona mwezi, akiona damu, hata tone moya, ni kwa dokta. Hapana kungoja."

Jokébed alikuwa ameanza kucheka kwa faraja.

"Mimi niko nayo hiyo damu," mama yake akasema.

Bic ikasimama. "Tangu lini, mama?"

"Mwezi wa ine."

"Mama!" Jokébed aliruka. "Sasa tuko mwezi wa munane!"

Juma lile lile walipanda gari hadi Butembo. Dokta Melchior alikuwa kijana, na Kahongya nusura ashuke kitandani akimbie. Alifumba macho, akauma kanga yake. Dokta alichukua kipande kidogo cha nyama ndani ya kizazi, akasema majibu yatachukua majuma matatu.

Arusi ikaangukia humo katikati. Kahongya alicheza, akapokea wageni, na kila aliposimama peke yake alihesabu siku zilizobaki.

Majibu yalikuwa mabaya: kansa. "Ila umekuja mapema, mama," dokta alisema. "Bado haijatoka inje ya kizazi. Tutakitoa."

Walikitoa mwezi wa kumi. Jokébed alilala chini kando ya kitanda chake siku tisa.

Sasa Kahongya amerudi sokoni, na kila miezi mitatu hupanda kwenda Butembo kupimwa. Dokta husema iko sawa. Yeye humshukuru. Hata hivyo kila asubuhi, akitoka chooni, hutazama nguo yake ya ndani kwanza, ndipo hupumua.